Stashu, kwa Dola Themanini na Tano

Tulikutana nyuma ya kituo cha mafuta,
Yorkton, Saskatchewan, Januari ya kukata pua:
yeye ndani ya pikapu, injini ikinguruma isije ikaganda,
mimi na glavu juu ya glavu,
noti nimezikunja ndani ya soksi
kama mtu anayetoroka ndoa.

"Wewe ndiye Verna?"
Ndiye.
Akafungua boksi.

Huyo hapo, kiganja na nusu kwa urefu,
nungunungu wa timu yetu ya magongo ya barafuni:
jezi ya kijani, gongo begani kama jembe,
miiba ya plastiki, mitatu haipo,
meno mawili yaliyopakwa rangi nje ya mstari
hata akinuna, anacheka.
Kichwa kimekaa juu ya springi.
Dwayne akakigusa kwa kidole.
Ndiyo, kikasema kichwa. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Vilitengenezwa mia tano tu, mama,
vikagawiwa mlangoni usiku mmoja.
Watoto wamevunja, jaa limemeza.
Hiki ni adimu kama nzi wa Januari."
Nikamwacha. Muuzaji hunyweshwa maneno yake mwenyewe.
Akaanza kunisimulia, mimi, habari za Stashu!
Jinsi alivyobingirika ngazi ishirini akainuka anacheza,
jinsi alivyomkumbatia refa, na refa hakujua pa kuweka filimbi.

Sikusema: goti lile nililikanda mimi
kwa mfuko wa njegere zilizogandishwa, wiki mbili.
Sikusema kuwa ndani ya manyoya yale alikuwamo Myron,
kaka yangu, bubu wa kujitakia,
mtu wa kusema "mm" mezani na kuomba chumvi kwa macho,
ambaye majira kumi na moja ya baridi
alivaa ngozi ya mnyama
ili aweze kupungia watu mkono.
Nilimfulia ile ngozi bafuni, kila Jumapili.
Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu,
na kichwa kikubwa juu ya mashine ya kukaushia
kikinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Wala sikusema kwamba cha kwetu tulikuwa nacho.
Nilikiuza kwa mkono huu, mwaka wa kuhama,
dola mbili, pamoja na vikombe sita na taa mbovu.
Myron alikuwa hai bado. Akasema "mm".

Nilinyamaza kwa sababu hesabu hii naijua:
anayekiona kidonda chako hukipandishia bei.

"Mia moja."
Sitini. Miiba mitatu haipo.
"Huo ni uzee, mama, uzee una thamani."
Uzee ungekuwa na thamani, Dwayne, ningekuja na dereva.
Akacheka mvuke. Tisini na tano. Sabini.
Injini ikakohoa, sote tukaigeukia kwa hofu.
Themanini na tano, na boksi lake.

Nikakipindua, kama upinduavyo kikombe kutafuta ufa.
Chini ya unyayo, kwa wino mzito,
herufi za mtoto, N imetazama upande usio wake:
BRENT.
Brent ni nani?
Dwayne akafuta kioo ambacho hakikuwa na kitu.
"Wangu. Yuko Calgary siku hizi.
Alisema niuze tu."

Sikumwongezea hata senti.
Ila nilihesabu noti zile mara mbili, taratibu,
nikimpa nafasi ya kubadili nia.
Hakubadili. Akazitia mfukoni bila kuzitazama.

Nimemweka mbele ya usukani, nimemfunga kwa utepe.
Barabara ya kurudi imetoka kusafishwa,
nyeupe, laini, haina hata kokoto.
Nikamuuliza nililokuwa sijawahi kumuuliza:
Myron, ulikuwa na raha humo ndani?
Kichwa kimetulia tuli.

Kilomita nne mbele kuna reli.
Nimepunguza mwendo.
Ninaweza kungoja.