Bei ya Maji, Ghorofa ya Pili

Saa tatu usiku, Kakamega. Mvua imekwisha
lakini paa bado linadondosha masazo.
Nimefungua mlango wa mashine kwa ufunguo
ninaoufunga kwenye mshipi, mbali na wa nyumbani,
nisije nikajaribu kuingia chumbani kwangu kwa huu
kama juma lile.

Ndani kuna baridi na mwanga wa samawati,
na chupa zimepanga foleni kwenye springi zao
kama wagonjwa waliopewa namba.
Kazi yangu leo ni bei.

Njugu, shilingi thelathini.
Biskuti za tangawizi, arobaini.
Krispi za muhogo, hamsini, kwa kuwa pakiti imevimba
na watu hulipia pumzi bila kuuliza.
Soda, themanini. Anayetaka soda hana shida,
ana hamu, na hamu haiombi punguzo.
Kila bei sharti iishie na sufuri:
shilingi tano mashine haiitambui,
huitema kama mtoto anavyotema kwinini.

Nimefika kwenye maji. Kidole kimegoma.

Shitsama, mwenye mali, alipiga simu adhuhuri.
"Weka sabini. Nani atashuka ngazi usiku wa manane,
amwamshe askari, avuke lango, kwa chupa ya maji?
Bei si ya maji. Bei ni ya ngazi."
Nikakosa jibu. Hesabu yake haikuwa na doa.
Chupa tunainunua ishirini na nane.
Umeme, kodi ya ukumbi, mshahara wangu,
chupa zinazopotea bila maelezo:
nilijumlisha nyuma ya risiti, nikapata arobaini na moja.
Yaani hamsini inatosha.
Yaani ishirini za juu ndizo ngazi.

Hapo langoni Mmbone huuza maji hayo hayo arobaini
hadi saa mbili, anapokunja mwavuli wake.
Kwake unaweza kusema, "Mama, nina thelathini na tano tu,"
naye akutazame viatu, aitazame na karatasi ya daktari mkononi,
kisha aseme, "Haya lete, nyingine utaleta kesho,"
akijua vyema kesho yenyewe haina anwani.
Ukinunua njugu, hupima kikombe kikajaa,
halafu vidole vyake hurudi ndooni
kuchota chache za juu.
Nimepekua menyu ya mashine hii ukurasa kwa ukurasa.
Lugha ipo. Saa ipo. Kengele ya wizi ipo.
Nyongeza haipo.

Mwaka juzi, Kisumu, mbele ya mashine kama hii,
Khasandi wangu akiwa ndani na uchungu wa saa kumi na nne,
mimi na shilingi zangu arobaini,
kioo kikaniambia: ONGEZA KUMI.
Si kwa ukali. Ndilo lililoniudhi.
Kwa herufi za kijani, kwa adabu,
mara tano, kila nilipobonyeza.

Nimeandika sabini. Nimefuta.
Nimeandika hamsini.

Nyuma yangu mtu amekohoa.
Kijana, buti za shambani, matope ya Shinyalu bado mabichi.
Anauliza kama imeharibika.
"Inapangwa bei," nasema.
"Kumbe hupangwa? Nilidhani inakuja nazo."

Nimefunga mlango. Ametia sarafu moja moja,
akizisikiliza zikishuka.
Springi ikazunguka, chupa ikainama, ikasita,
ikaning'inia kwa shingo.
Akageuka kutazama. Si mashine. Mimi.

Nimefungua tena. Nimempa ile iliyoning'inia
na iliyokuwa nyuma yake.

Daftarini, kabla sijashuka:
Maji, hamsini. Imeuzwa moja.
Imeanguka moja.
Sababu: ngazi.