Zamu ya Maji

Jumamosi. Kwenye ratiba ya Kocha Marwa
kisanduku cha leo ni cheupe.
Hakuandika hata "pumzika".
Nikampigia simu Maskati kumuuliza kama amesahau.
"Sikusahau," akasema,
akakata.

Jana nilitoka Birkat al-Mauz kabla ya adhana,
taa kichwani, chupa mbili kiunoni,
tende za mfukoni zikigeuka gundi.
Kilomita thelathini na tatu,
hadi ng'ambo ya Izki na kurudi.
Jua lilinikuta kwenye kituo cha mafuta
nikizungumza na goti langu kwa sauti,
na muuza mafuta akajifanya haoni.

Leo nashuka ngazi kinyumenyume.
Ndivyo tushukavyo siku ya pili yake,
mapaja hayataki habari za mbele.
Ukucha mmoja umeiva mweusi kama habasoda.
Mama mkwe, mzaliwa wa Wete,
anachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi:
"Zuweina, hao wanaokukimbiza
hujawachosha tu?"
Kisha ananimiminia laban,
anatia chumvi, anatia bizari nyembamba,
anasimama hapo hapo mpaka nione kitako cha gilasi.

Nimelala sakafuni, miguu ukutani.
Kiyoyozi kinanguruma.
Damu inarudi nyumbani taratibu,
kama wageni wa arusi wasiojua kuaga.
Na ndani ya kichwa kuna karani mdogo
asiyekwenda likizo:
Raya wa Nizwa leo kakimbia kumi na mbili.
Raya kapiga picha ya viatu vyake.
Raya ana miaka ishirini na sita, wewe je?

Namjua karani huyu.
Mwaka jana nilimtii.
Kila kisanduku cheupe nilikijaza,
nikikimbia hata kwa siri, nje ya kijiji,
kama mtu anayeficha sigara.
Mwezi wa nne mfupa wa muundi ukapata ufa,
mwembamba, unywele kwenye kikombe cha kahawa.
Daktari aliuonyesha kwa ncha ya kalamu.
Wiki tisa nilikaa,
nikiwa nimekataa kukaa siku moja.

Alasiri najikongoja hadi kwenye falaji.
Natumbukiza miguu, maji yanafika kwenye vifundo,
visamaki vinakuja kudonoa ngozi iliyokufa
bila kuniuliza nilitumia dakika ngapi.
Rofikul, kijana wa Sylhet anayetunza mitende ya jirani,
anakuja na jiwe lake na fundo la matambara.
Anaziba mdomo wa shamba.
Maji yanageuka, yanakwenda kwa mwingine.
Nyuma yake udongo bado unang'aa,
bado unatoa vipovu.

"Mbona umefunga mapema?" namuuliza kwa Kiarabu.
"Shamba lilikuwa bado linakunywa."
Anapangusa mikono kwenye kikoi.
"Hapana, dada. Lilikuwa linaogelea.
Kunywa linaanza sasa."

Anaondoka. Naye pia zamu yake imekwisha,
au labda imeanza nyingine, sikumuuliza.
Mimi nabaki natazama vipovu:
kimoja, halafu kitambo, halafu kimoja.
Udongo unageuka rangi kutoka kingoni,
na hakuna kinachoonekana kufanyika.

Kurudi, pana kiteremko kifupi karibu na msikiti,
na miguu, mijinga, ikaanza kukimbia.
Hatua tatu. Nne.
Nikajishika kama nimshikavyo mwanangu kwenye sukari.

Magharibi. Mama mkwe kasinzia kwenye kiti,
mwiko bado mapajani.
Napaka mafuta ya karafuu kwenye ndama za miguu,
navuta shuka, saa mbili haijatimia.
Kesho kuna sita za polepole, mchana wa kazi,
meno ya watu yananingoja.
Karani anasema kitu. Kiyoyozi kinamzidi sauti.

Dirishani viatu vyangu vimekaa
vimejazwa gazeti la juzi,
vinakauka.
Hakuna anayeviita vivivu.