O Yenye Pembe Nane

Nilikwenda Keko na nembo tatu kwenye kompyuta,
chaji asilimia kumi na nne, umeme umekatika tangu asubuhi.
Ya kwanza ngoma. Ya pili kinyago.
Ya tatu mikono ya rangi nne imeshikana
kama watu wanaovushana Barabara ya Chang'ombe.

Sikudhani, mweka hazina, alivaa miwani, akaivua.
"Hii ngoma ni ya nani?"
Nikasema ni ishara tu.
"Sisi tunapiga ndoo za rangi, za lita ishirini.
Wakituuliza ngoma iko wapi, tuwaonyeshe nini?"

Nikarudi Tabata, nikachora ndoo.
Nikaipenda. Nikaipa mkono wa waya, na kivuli chini,
nikaota tuzo.
Jumamosi nikawafunulia. Kimya.
Kisha Doto, miaka kumi na mbili,
anayeghani kuliko anavyozungumza:
"Ndoo tunapiga kwa kukosa ngoma.
Siku tukizipata, utakuja kutufuta ndoo kifuani?"

Hilo sikufundishwa chuoni.
Chuoni tulifundishwa nafasi nyeupe,
na kwamba mteja akisema bluu anamaanisha woga.

Kikundi kinaitwa TUPO.
Herufi nne, basi. Hakina kirefu,
ingawa mfadhili aliomba kirefu, kwa barua, mara mbili.
Akajibiwa: kirefu chake ni Tupo.

Chumba chao kiko nyuma ya karakana za samani,
ambako randa hailali na unga wa mninga
unaingia kwenye chai, kwenye beti, kwenye kibodi yangu.
Siku ya tatu niliinua macho juu ya mlango
(nimepita chini yake mara ngapi?)
nikaona herufi zimepigiliwa misumari,
masalia ya kitanda cha bibi harusi fulani.
Msumeno wa Lukwele haukujua duara;
O yake ikatoka na pembe nane,
kama nati.

"Unisamehe kwa hiyo O," alisema Lukwele, kalamu sikioni,
"tangu mwaka juzi nataka kuirekebisha."
Nikamwambia asiiguse.
Nikaazima futi kamba yake, nikapima unene wa T,
na P inavyomwegemea jirani kama mtu wa foleni,
nikaandika vipimo kiganjani
maana kompyuta ilikwisha kuzima.

Sitasema wote walifurahi. Kulwa alitaka nyota.
Mfadhili akauliza rangi ya chungwa ina falsafa gani.
Nikamjibu: ndilo kopo lililobaki nusu, stoo.

Sikudhani alikuwa na mtihani mmoja tu: muhuri.
"Benki hawajui chungwa. Serikali ya mtaa hawajui chungwa.
Wao wanajua zambarau na tarehe."
Tukaenda Kariakoo kwa mchonga mihuri,
akaikata raba kwa wembe, midomo imebana pini.
Pedi yake ya wino ilikuwa imekauka upande mmoja.
Akagonga: TUP, na nusu ya nati.
Akaupulizia muhuri pumzi ya moto, kama anayefuta kioo,
akagonga tena.

Sikudhani akaitazama muda mrefu.
Akaikunja karatasi, akaitia pochini
pamoja na risiti za gundi.
"Haya," akasema. "Sasa tukadai ile hela ya vipaza sauti."

Faili langu linaitwa nembo ya mwisho kabisa, saba.
Malipo yangu bado nusu.
Ila jana, mvua ilipokatika, nilimkuta mtoto nisiyemjua
amechutama mbele ya karakana, kijiti mkononi,
anaandika kwenye tope.
T ilimpa tabu kidogo. O aliichora polepole,
akihesabu kona kwa sauti;
alipofika saba akasahau,
akafuta kwa kisigino, akaanza upya.