Joho Moja

Mimi ndiye niliyekuwa naandika.
Wao walisema, mimi nikafupisha:
"Mhe. Mwanahija Semboja alihoji kuhusu mtaro
wa Barabara ya Kumi na Mbili. Hoja ilipokelewa."

Ilipokelewa mwaka wa kwanza, akiwa bado
anasimama kuongea na kusahau kuwasha kipaza sauti.
Ilipokelewa mwaka wa nne, maji ya vuli
yalipoingia madarasani Ngamiani
na watoto wakapanda juu ya madawati kama kuku.
Ilipokelewa awamu ya pili. Ya tatu.
Mwishowe nikawa naiandika kabla hajainuka.

Alikuja kwa baiskeli nyekundu, ya kike,
pindo la joho kalipiga fundo kiunoni
lisiliwe na mnyororo.
Wenzake wakishuka kwenye magari
walimwita Fundi Mtaro.
Naye akaitika.

Hakuna gazeti lililoandika usiku ule wa sheria ndogo,
kifungu cha kumi na tisa: yeyote
atakayekutwa na karai la mihogo kando ya barabara
"atakamatwa".
Saa tatu, watu wanapiga miayo,
wengine washatia saini ya posho wakajiondokea,
akaomba tuandike "ataelekezwa".
Neno moja tu, Mwenyekiti.
Mwenyekiti akatazama saa. Haya, lipite.
Nikakata, nikaandika juu yake kwa wino wa bluu.

Mwaka uliofuata mgambo walifika Makorora,
wakasimama mbele ya karai, wakauliza bei,
wakaomba waongezewe chachandu.
Mwenye karai hakujua kwa nini.
Mgambo nao hawakujua.

Alianguka kwa kura tisa, kura za maoni,
mbele ya kijana mwenye kofia mia tatu za kugawa.
Wakamkumbusha: asiyekubali kushindwa si mshindani.
Akasema, methali hiyo
sijapata kuisikia akiambiwa aliyeshinda.

Mtaro ukachimbwa. Miezi minane tu baadaye.
Kibao cha marumaru, jina la kijana, herufi za dhahabu.
Mvua ya kwanza maji yakapita humo kwa adabu,
yakaenda zao baharini,
hayakusoma kibao.

Jana kaja masijala na mfuko wa rambo.
Hili mali ya Halmashauri, akasema,
nimechelewa kulirudisha.
Limepigwa pasi, lanukia udi.
Tukazungumzia miguu yake, bei ya sukari,
mjukuu aliyepata shule Korogwe.
Kuhusu mtaro, hata neno.

Alipotoka nikafungua daftari la mali.
Safu ya mwisho inauliza: Hali ya kifaa.
Miaka ishirini nimemfupisha mwanamke huyu.
Kalamu ikasimama.
Nje nikasikia kengele ya baiskeli, mara mbili,
akimwomba mtu njia.

Joho moja, nikaandika. Limefuliwa.
Kisha, kwa wino wa bluu, nje ya mstari:
pindoni pana grisi ya mnyororo.
Haikutoka.