Tumbo la Mvule

Daktari Kirunda aliuchomoa ule mpira puani mwa Mvule,
akafuta miwani.
"Vidonda. Tumbo la farasi halingoji chakula,
asidi yake hutiririka usiku na mchana."

Sasa pumba nimepunguza hadi kopo moja.
Saa kumi alfajiri, ukungu wa mto ukingali juu ya Jinja,
naning'iniza wavu wa nyasi kavu,
matundu madogo, ale polepole, asimalize.
Kabla ya tandiko, konzi mbili za alfalfa,
ili ile asidi isiruke akikimbia.
Nimemrudishia na yule mbuzi wake mweusi,
maana upweke nao hutafuna.

Wiki ya tatu. Haguguni tena ubao wa mlango.
Nikikaza mkanda, halazi masikio.

Lakini leo kanikuta nimejikunja juu ya ndoo,
mkono kwenye chembe cha moyo,
chai kavu tu tangu jana.
Akaacha kutafuna.
Akanipumulia shingoni,
pumzi ya majani.

Nikaenda nikanunua muhogo kwa Kagoya,
nikaula nimesimama karibu na wavu,
sote wawili taratibu,
tusimalize.