Hesabu ya Paa

Mwadini, mtoto wa dada yangu, kaja na buti za serikali,
daftari kwapani, kalamu kaifunga uzi shingoni.
"Mjomba, nipeleke uwandani. Nimetumwa kuhesabu paa."
Nikacheka mpaka jino langu lililobaki likaona jua.
Miaka arubaini nimewahesabu mimi,
kwa vichwa, si kwa wino.

Tukatoka Muyuni giza bado limo machoni.
Yeye na buti zake, mie na katambuga za mpira wa gari,
maana maweni ya huku hayana adabu,
jiwe linakung'ata kama linakudai.
Mbwa sikumchukua. Wasemeje nimemfunga kibandani,
akalia nyuma yetu kama aliyepewa talaka.
Nani atamwambia mbwa kwamba sheria imebadilika?

"Hapa," nikamwonyesha, "ndipo tulipokuwa tukitega.
Wavu wa babu yako Pandu, kamba ya makumbi,
kutoka mdaa ule hadi kwenye lile pango.
Wenzangu wanavumisha kusini, makopo na mbwa,
na mie hapa nimechutama, rungu mkononi,
nimebana pumzi mpaka chungu wananipanda na kushuka
wakidhani nimeota."
Hakuandika.
Daftari lake halina mstari wa mambo hayo.

Basi nikamsomesha.
Choo kibichi hung'aa kama pilipili manga, kikavu hakina habari.
Kwato za chesi ni ncha ya mkasi, za nunga zimetanuka kidogo.
Jani la mlapaa likikatwa leo hutoa machozi,
ukiyakuta machozi, nyamaza: aliyekula yupo, anakusikiliza.
Nguruwe hana siri, yeye hulima kama ana hati ya shamba.
Na kima punju wakiruka juu, wewe tazama chini,
wao wanamwaga maua,
paa anaokota sadaka.

Hapo akaandika. Kaandika mpaka uzi ukamsokota shingo.

Tukafika kwenye seng'enge.
Siikumbuki seng'enge hii, wala yenyewe hainikumbuki.
Ng'ambo, ng'ombe wa tajiri wa mjini,
hereni za njano masikioni, kila mmoja na nambari yake,
wanatafuna majani pale pale
nilipoangusha paa wangu wa kwanza, nikalia, babaangu akanipiga kofi.
Wakatutazama kama tumekuja kuomba maji.
"Na wa ndani ya ranchi tuwahesabu?" Mwadini kauliza.
Nikamwonyesha waya wa chini:
unywele mwekundu umenasa, wa utosini, wa nunga.
"Huyu analala kwa tajiri, anakula kwetu.
Mwandike utakako."

Tukakaa. Jua likapenya kidogo kidogo, kama mgeni mwenye haya.
Wa kwanza akatoka na mguu wake, mmoja, akausimamisha hewani,
halafu ndio akatoka mwenyewe.
Mwadini kanishika mkono, mkono wake unatetemeka.
Wangu pia, lakini wangu ulikuwa unatafuta rungu.
Wa pili. Wa tatu kamfuata wa pili.
Wa nne kapiga ukwato, tap, kwenye jiwe, wote wakaganda,
kisha wakaendelea kula.

Mwadini kainama, anaandika nne.

Hapo ndipo alipotoka dume, nyuma ya mchofu,
sikio la kushoto limechanika vipande viwili.
Nayajua meno yale.
Mwaka juzi, mvua za vuli, alinipasulia wavu akaondoka,
na Wasemeje akarudi na kipande cha sikio na aibu.
Kanitazama. Sikupepesa. Hakukimbia.
Akageuka, taratibu, makalio meupe, akazama kichakani
kama mtu aliyemaliza kusoma barua.

"Wangapi, Mjomba?"
"Wanne," nikasema. "Twende, jua litakuwa kali."

Njia nzima sikujua nimemficha nani, au nimemfichia nani.
Naapa sikujua.

Nyumbani nikamfungua Wasemeje.
Akaninusa miguu, magoti, viganja,
akakaa chini, akaniangalia usoni muda mrefu.
Yeye alijua ni watano.