Ile ya Tatu

Hedifoni zangu hazikuwa zikiimba.
Ncha ya waya niliizamisha mfukoni mwa koti,
kati ya tikiti na leso.
Simu iliisha chaji Santiago, kabla hatujafunga mikanda,
nami nikazivaa hivyo hivyo,
kama mtu anavyofunga duka na kubaki ndani.

Nisilaumiwe. Siku sita kwa wiki
natega sikio kwa mshahara:
bili za maji, mita zilizodanganya,
wanaume wanaonitukana kwa jina la kampuni.
Saa tatu na nusu angani, nilisema, hizi ni zangu.

Lakini wa kiti cha dirishani alikuwa na mikono mikubwa,
mikono ya kukata sufu,
nayo haikujua pa kukaa.
Akanitazama masikio. Akaridhika.
Akaanza kusema na kioo.

"Baldomero, ndugu yangu, miaka kumi na mmoja..."
Akakohoa. Akafuta kioo kwa kiganja,
kana kwamba maneno yamekichafua.

"Baldomero. Ule uzio niliusogeza mimi.
Usiku. Hatua nne.
Udongo wa kaburi la baba ulikuwa bado mbichi."
Hapo alinyamaza muda mrefu.
Mhudumu akapita; akaomba juisi ya pichi,
akaisahau mkononi mpaka ikapata joto.

Mimi nikitikisa kichwa,
nikipiga vidole gotini, kujifanya kuna ngoma,
maana kusikia nako kuna aibu yake,
na mimi, msikilizaji wa kulipwa,
sikuwa nimewahi kuionja.

Juu ya barafu za kusini ndege ikaanza kurukaruka.
Akashika kiti cha mbele, akasema upesi,
kama mtu anayetema kokwa:

"Baldo, ni mimi. Nje baridi. Nisogezee kiti."

Basi. Hakuongeza.

Upepo wa Punta Arenas ulipiga bati makofi
hata mlango haujafunguliwa.
Akanigusa bega, akaonyesha ardhi kwa kidole,
akatamka kwa midomo mitupu, polepole:
Tu-me-fi-ka.

Nikazivua. Waya ukachomoka mfukoni,
ukaning'inia kati yetu, ncha yake wazi, ikimeta.
Akaitazama. Damu ikampanda mpaka masikioni.

"Ile ya tatu," nikamwambia. "Usiongeze kitu."